Vizungusho Ishirini na Viwili

Mdogo wangu alianza kuitwa Sikio akiwa na miaka tisa, siku alipomwambia mama kwamba friji imebadilisha sauti na haitamaliza wiki. Mama akamfokea aache kuitabiria mabaya. Friji ikafa siku ya nne, nyama ikaoza, na tangu hapo jina lake halisi likabaki la vyeti na kadi za hospitali. Mimi ni dada yake, nimemtangulia kwa miaka sita, na niseme mapema kabisa kwamba muziki siujui. Wimbo ukinipendeza natikisa kichwa, usiponipendeza nazima redio, basi. Ila makala zake zote kwa miaka kumi na minne nimezichapa mimi, kwa sababu yeye akikaa mbele ya kompyuta anadonoa kwa kidole kimoja mpaka mtu unatamani kumsukuma kitini. Kwa hiyo nayajua ya vinanda kuliko nilivyokusudia.

Riziki yake ilitoka kwenye karakana ya spika na redio, nyuma ya jengo la posta, alikokuwa akilehemu nyaya tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Makala ilikuwa mara moja kwa mwezi, katika jarida la wanamuziki. Duka linaleta chombo kipya, yeye anakaa nacho wiki tatu, kisha anaandika kama kinafaa au hakifai. Aliandika kwa penseli, akiwa amesimama, karatasi ikiwa juu ya kabati la vyombo. Neno "kizuri" hakulitumia hata siku moja, alisema ni neno la mtu ambaye hajasikiliza. Angeandika kwamba kinanda fulani kinalia kama mlango wa friji ulioachwa wazi, au kwamba sauti zake za chini zina wasiwasi. Na kila makala ilimalizika kwa mistari michache yenye kichwa kilekile: Nani asinunue. Wasomaji wengi, mimi nikiwemo, tulikuwa tunaanza kusoma huko chini.

Ugomvi wake na dunia ulikuwa mmoja. Siku hizi sauti ya kinanda chochote unaipata ndani ya kompyuta, unaweka programu, unabofya, inalia. Sikio hakutaka kusikia habari hiyo. Yeye alikuwa mtu wa vyombo vya kushikika, hasa vinanda vya umeme viitwavyo sintesaiza za analojia, zile ambazo ndani hamna kompyuta yoyote, ni umeme wenyewe unaotetemeshwa na kuchujwa mpaka unakuwa sauti. Sintesaiza ya namna hiyo, alinieleza mara mia, haina kumbukumbu. Sauti yake ni jinsi vizungusho vilivyokaa tu, vile vidude vya mviringo unavyovisokota kwa vidole. Ukivisogeza, sauti imekwenda zake. Na hata usipovisogeza, kikiwa baridi kinalia hivi, kikipata joto kinalia vile, ndiyo maana lazima ukiwashe robo saa kabla ya kukipiga. "Programu inakupa jana," alikuwa akisema. "Hiki kinakupa leo." Kwa sentensi hiyo moja aliandikiwa barua za mapenzi na za matusi.

Mtu pekee aliyembishia ana kwa ana alikuwa mke wake. Wifi yangu alikuwa mpima ardhi, mwanamke mwenye shingo iliyoungua jua na buti zilizojaa udongo, ambazo hakuruhusiwa kupita nazo sebuleni. Kila kitu alikiandika. Alikuwa na madaftari madogo yenye majalada magumu, na hata mapishi aliyapima kwa rula. Mabishano yao nimeyasikiliza kwenye sinki la jikoni nikiwa napangusa sahani.

"Nimeweka vigingi vya mpaka mwaka juzi," wifi angesema. "Nikirudi kesho navikuta palepale. Hicho kinanda chako kina nini cha ajabu?"

"Ardhi haipati joto ikiwashwa."

"Kikipimwa sawasawa, kitarudi."

"Hakirudi, mke wangu. Kinakaribia tu."

"Basi ni kwamba hujapima." Na hapo angenigeukia mimi. "Wifi, mwambie ndugu yako hajapima." Mimi namwambia hajapima, maana siku zote nilikuwa upande wake, na mtu aliyenipikia kama yeye sikuwa na sababu ya kumgeuka.

Ndipo ikaletwa ile sintesaiza ndogo. Ukubwa wake ni wa boksi la viatu, vibao vya kupigia ishirini na tano, vyembamba mpaka vidole vyangu vinakanyaga viwili kwa mpigo, na juu yake safu mbili za vizungusho, kumi na kimoja kila safu. Waliokitengeneza chombo hicho walikuwa wametoa pia programu ya kukiiga, yenye picha ya vizungusho vilevile kwenye kioo cha kompyuta. Mhariri wa jarida alitaka jibu moja: mtu anunue kipi? Sikio alifurahi kama amepewa kesi aliyoingoja miaka.

Jumapili hiyo nilikuwa kwao. Sikio alikuwa anapiga pasi mashati, wifi amejilaza kwenye kochi, anasema amechoka tu, na kile chombo kipo mezani kimewashwa. Wifi akajivuta mpaka mezani, akaanza kukichezea. Hakujua kizungusho hata kimoja kinafanya nini. Alisokota huku akipiga sauti ileile, ghafla ikatoka kitu ambacho kilitufanya sote watatu tuache tulichokuwa tunafanya. Ilikuwa inaanza kwa kuchelewa, kama mtu anavuta pumzi, halafu inafunguka nzito na yenye mkwaruzo kidogo.

"Shangazi!" nikapiga kelele.

Ilikuwa ni shangazi yetu kabisa, anavyokohoa kidogo kabla ya kuomba kitu. Tulicheka mpaka pasi ikaunguza kola. Sikio akaja, akainama juu ya chombo, akasema miaka ishirini ya kusokota na hajawahi kuipata sauti kama hiyo, na asiguse mtu, ataiandika wiki ijayo.

Jumatano wifi akalazwa. Siku ya kumi na moja tukamzika.

Mimi kazi yangu ni kwa daktari wa meno. Napanga vyuma kwenye sinia, nachemsha vya kuchemshwa, namshika mgonjwa mkono daktari anapomchoma sindano ya ganzi. Kwa hiyo ganzi naifahamu kwa sura. Mgonjwa anakutazama vizuri tu, anajibu anachoulizwa, ila ukimgusa shavu anakuwa kama umemgusa mtu mwingine. Mdogo wangu alikuwa hivyo. Makaburini alisimama wima. Nyumbani aliwaitikia watu, akawashukuru, akauliza nani hajapata kiti. Wakasema ana moyo wa chuma. Mimi nilimtazama nikasema moyoni, huyu amechomwa sindano.

Alirudi kazini baada ya wiki tatu. Alikula alichowekewa, na siku moja alikula wali niliosahau kuutia chumvi, akamaliza sahani, akasema asante. Nilipomuuliza analala, alisema analala. Nilipomuuliza kama anamkumbuka wifi, alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa namba ya simu, akasema, "Nadhani."

Ile sintesaiza ndogo ilibaki mezani pale sebuleni, imefunikwa foronya ya wifi, nyeupe yenye ukingo wa buluu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Sauti ya Shangazi ilikuwa mle chini, imekaa kwenye vizungusho ishirini na viwili jinsi wifi alivyoviacha, na haikuwa mahali pengine popote duniani. Tuliipita ile meza kwa ubavu. Mgeni akitaka kuweka kikombe hapo, mimi ndiye niliyemrukia. Miezi tisa ilipita hivyo.

Makala, chombo hicho hakikupata. Vyombo vingine viliandikiwa, na makala hizo nilizichapa mimi, lakini aibu ilikuwa inanipata nikizichapa. "Kinanda hiki ni kizuri." Kizuri! Nilidhani amekosea, nikampigia simu. Akasema niache hivyo.

Mhariri ni mtu mnene, mwema, mwenye mdomo, anayepanda ngazi akihema hadi majirani wanafungua milango. Alikuja Jumamosi moja na kompyuta ndogo kwapani.

"Ndugu yangu, nimekuletea mchezo wa zamani," akasema. "Sauti kumi, tumezirekodi ofisini. Nyingine za chombo kingine cha aina ya hicho hapo mezani, nyingine za programu yake. Zamani ulikuwa unanimalizia zote kumi kabla chai haijapoa."

Ni kweli. Huo ndio ulikuwa ufalme wa Sikio, na watu walishawahi kuja kumjaribu wakarudi wamenywea. Akavaa spika za masikioni, akafumba macho. Zamani angeinamisha kichwa, angeomba irudiwe, angetukana. Safari hii alijibu kama anasoma orodha: chombo, programu, programu, chombo, mpaka zikaisha.

"Tano," Mhariri akasema.

"Sawa."

"Tano ni ya kubahatisha, ndugu yangu. Hata dada yako hapa angepata tano."

"Lete hizo spika," nikasema. Nikavaa, nikajibu ovyo, nikapata sita.

Mhariri aliangua kicheko, na mimi nikacheka kwa sababu yeye amecheka, halafu tukamtazama Sikio. Alikuwa anakunja waya wa spika, vizuri, duara juu ya duara. "Zote ni sawa tu," akasema. "Watu wanunue wanachotaka."

Nilimsindikiza Mhariri mpaka kwenye ngazi. Akashusha sauti. "Dada, duka wanataka chombo chao. Nimewapiga chenga miezi tisa, na uongo umeniishia. Ijumaa saa nne asubuhi nakuja kukichukua. Nikikuta na makala, ukurasa ni wake mpaka azeeke nao. Nisipoikuta, nampa mtu mwingine. Siwezi kuchapisha 'kizuri' kila mwezi."

"Unajua kilichomo kwenye chombo hicho?"

"Najua. Ndiyo maana nimengoja miezi tisa."

Sikumlaumu. Nilimchukia kidogo mpaka jioni, basi.

Wiki hiyo Sikio alinipa karatasi moja. Ilikuwa na mistari mitatu: chombo ni kidogo, programu ni nafuu, vyote ni sawa. Chini akaandika "Nani asinunue", na baada ya hapo hakuandika kitu. Nilimwambia uchafu huo siuchapi. Akasema, "Basi usiuchape," bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Nilikuwa tayari kwa ugomvi na sikuwa na wa kugombana naye.

Alhamisi mchana kliniki tulifunga mapema, nikaenda kwake kufanya usafi yeye akiwa bado karakana. Nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira nasafisha. Nikafagia, nikapiga deki, nikafua mapazia. Ile foronya ilikuwa imejaa vumbi mpaka ukingo wa buluu umegeuka kijivu, nikasema hata marehemu asingekubali aibu hii, nikaivua nikaifua, nikaianika. Chombo nacho kilikuwa na vumbi kwenye kila upenyo. Nikachukua kitambaa chenye unyevu nikaanza kufuta, kizungusho kimoja baada ya kingine. Nikavikuta vimekaa ovyoovyo, hiki kinatazama huku, kile kule. Na mikono yangu, ambayo miaka kumi na tisa imekuwa ikipanga vyuma vya meno kwenye sinia, vyote kichwa juu, vyote mstari mmoja, ikafanya ilichozoea. Nikavinyoosha. Vyote ishirini na viwili, vikatazama juu kama wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi. Nikarudi nyuma hatua mbili kuona kama vimekaa sawa.

Hapo ndipo akili ilipofika.

Nilikaa chini sakafuni, palepale kwenye maji ya deki. Nilijaribu kukumbuka hata kimoja kilikuwa kinatazama wapi. Hata kimoja. Nilihisi nimemuua wifi yangu kwa mara ya pili, kwa kitambaa. Nikakaa hapo nikilia mpaka nikasikia ufunguo mlangoni.

Sikio akaingia, akatundika funguo, akaiona foronya kwenye kamba ya kibarazani.

"Umeifua," akasema.

"Nimefanya makubwa kuliko hayo." Sikuweza kumtazama. "Nimevinyoosha. Vyote. Nilikuwa nafuta vumbi, mikono ikaenda yenyewe. Sauti ya Shangazi imepotea, mdogo wangu. Nipige, nitukane, nifukuze."

Akakitazama chombo. "Si kitu," akasema.

"Usiniambie si kitu!"

"Dada, haikuwepo."

Nikadhani hajanielewa. Akavuta kiti, akakaa, akaongea kwa sauti ileile ambayo angeniambia kwamba sukari imeisha. "Wiki ya pili baada ya mazishi nilikiwasha. Nikangoja robo saa. Nikaipiga ile sauti, na nilikuwa naisikia, lakini ilikuwa kama wanabisha hodi kwa jirani. Haikunihusu. Nikasema, labda nikiipoteza ndiyo itaniuma. Nikavizungusha vyote, kimoja kimoja."

"Ikakuuma?"

"Hapana. Nikakifunika."

Kila mgonjwa anayetoka kwetu namwambia maneno yaleyale: usile mpaka ganzi iishe, utajitafuna mdomo na hutajua. Kuna wanaopuuza. Wanarudi kesho yake mdomo umevimba, wanashangaa umefanywa na nani. Nilimtazama mdogo wangu. Halafu, kwa sababu ndivyo nilivyo, nikapandwa na hasira.

"Miezi tisa!" nikafoka. "Miezi tisa tunapita hapa kwa kunyata! Nimemkaripia mama mkwe wako kwa ajili ya kikombe! Na wewe unatutazama tu! Ungeiweka hiyo sauti kwenye programu siku ileile, ingekuwepo mpaka leo. Lakini wewe na analojia yako, wewe na leo yako! Wifi alikwambia na hukumsikia."

"Kweli," akasema.

Hilo lilinitisha kuliko yote. Miaka ishirini ya kubishana na dunia nzima, na mtu anasema "kweli" kwa neno moja, kama anampisha mtu mlangoni.

Akainuka akaenda kuchemsha maji. Akiwa jikoni akasema, "Mkoba wake wa kazi uko nyuma ya mlango wa chumbani. Ofisi yao wanataka madaftari. Wapelekee ukiondoka, iko njiani kwako."

Mkoba ulikuwa umetundikwa kama alivyouacha, na udongo mkavu umeganda kwenye kitako chake. Nikaufungua kutenga vya ofisi na vyake. Kulikuwa na madaftari manne, utepe wa kupimia, protrakta ya plastiki ya kupimia pembe, nusu biskuti. Daftari la mwisho lilikuwa limejaa mistari ya viwanja na namba za vigingi, na nilikuwa nalipekua tu kuona kama kuna karatasi binafsi. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa haukuwa na kiwanja. Ulikuwa na miduara midogo, safu mbili, kumi na mmoja juu, kumi na mmoja chini. Kila mduara una mstari mmoja kutoka katikati, na pembeni digrii zake, zimepimwa kutoka juu kwenda kulia, jinsi anavyopima pembe za shamba kutoka kaskazini. Tarehe ni ya Jumapili ile. Chini ameandika: "Sauti ya Shangazi. Akibisha kwamba hairudi, mwonyeshe hii."

Alikuwa amepima tulipokuwa tunahangaika na kola iliyoungua. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwona.

Nikampelekea Sikio jikoni. Akasoma, akakausha mikono, akasoma tena. "Mwandiko wake," akasema. Nikangoja zaidi. Akasema, "Kesho asubuhi. Sasa hivi nimechoka."

Ijumaa nilimwomba daktari ruhusa mpaka mchana, nikawa mlangoni kwa Sikio saa mbili kamili. Alikuwa ameshakiwasha chombo. Hakuna aliyemwambia akiwashe mapema, nadhani ilikuwa ni mazoea tu. Tukakaa pande mbili za meza, mimi nasoma, yeye na protrakta ya mkewe anaweka.

"Safu ya juu, cha kwanza. Digrii arobaini."

"Arobaini."

"Cha pili, mia tatu kumi na mbili na nusu."

"Na nusu?"

"Ameandika na nusu."

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikaona pembe ya mdomo wake imesogea. Hakikuwa kicheko. Aliinama zaidi, akasogeza protrakta kwa ukucha, akaweka nusu. Tulitumia karibu saa nzima. Kizungusho cha mwisho alikirudia mara tatu. Kisha akajifuta vidole kwenye suruali na kuweka kimoja juu ya kibao kilekile ambacho wifi alikuwa akikipiga.

Sauti ikatoka.

"Ndiyo hiyo!" nikaruka. "Shangazi huyo! Mungu wangu, wifi, umeirudisha!" Nilikuwa nalia na kucheka pamoja, namtikisa bega.

Sikio akapiga tena. Akainamisha kichwa upande, jinsi ambavyo sikuwa nimemwona akiinamisha tangu msiba. Akapiga mara ya tatu.

"Si yenyewe," akasema.

"Ni yenyewe! Nilikuwepo!"

"Si yenyewe, dada. Ile ilikuwa inavuta pumzi kabla ya kufunguka. Hii haivuti." Akagusa kizungusho kimoja, akakisogeza kiasi ambacho mimi sikukiona kikisogea. Akapiga. Akakirudisha, akagusa kingine. "Joto la siku ile lilikuwa jingine. Pasi ilikuwa inawaka hapa karibu. Na yeye alikuwa ameshakishika muda mrefu, kilikuwa na joto la..." Hakumaliza. Akapiga, akapiga, akapiga. Nikaona shingo yake imewiva, nikadhani anaugua.

"Alikuwa anasema itarudi," akasema. "Amepima mpaka nusu digrii, na haikurudi. Nimeshinda mimi, dada. Tumebishana miaka kumi na moja, na nimeshinda mimi."

Akakiegemeza kichwa juu ya vile vibao, vikalia vyote kwa pamoja, mlio mbaya wa kutoboa masikio, na juu ya mlio huo mdogo wangu akalia. Hakulia kama watu wazima wanavyojizuia. Alilia kama siku aliyovunjika mkono akiwa na miaka saba, mdomo wazi, na kelele zote mbili zikaenda pamoja mpaka jirani akagonga ukuta.

Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Mgonjwa akiniambia sasa inauma, namwambia vizuri, hiyo ndiyo dalili. Nilimshika kichwa, nikakiinua kutoka kwenye vibao ili chombo kinyamaze, nikamwacha alie.

Mhariri alipofika saa nne, akihema, alitukuta hivyo. Alifungua mdomo kutoa utani wake wa mlangoni, akaufunga. Akakaa kwenye kochi na mkoba wake mapajani. Baada ya muda Sikio akainuka, akanawa uso. Akachukua penseli, akaenda kusimama mbele ya kabati la vyombo na kuanza kuandika. Aliandika dakika ishirini, alifuta mara nyingi, na mara mbili alirudi mezani kukipiga chombo na kukitazama kwa chuki. Alipomaliza alikizima, akaurudisha waya kwenye boksi lake, akamkabidhi Mhariri chombo bila kuvigusa vile vizungusho. Foronya ilibaki kwenye kiti, imekunjwa.

"Chapa," akaniambia, akanipa karatasi. Macho yamevimba na makamasi yanamtoka, na sauti yake ilikuwa kali kidogo, kama zamani. "Na usirekebishe kitu."

Nikawasha kompyuta. Aliandika kwamba sintesaiza hii ni ndogo kiasi cha kuingia kwenye mkoba wa mpima ardhi, na kwamba inahitaji robo saa kupata joto na haifai kuharakishwa. Aliandika kwamba programu yake inalia karibu sawa, wengi hawataona tofauti, hata yeye kuna siku hakuiona, na kwamba kesho na mwaka kesho italia vilevile. Chombo chenyewe hakitaweza hata ukipime kwa nusu digrii. "Miaka yote nimewaambia hiyo ndiyo sifa yake," aliandika. "Bado ni sifa yake. Sikuwahi kuwaambia inauma."

Hayo niliyasoma baadaye, nikiyachapa. Mimi kama kawaida yangu nilianzia chini, penye Nani asinunue. Pale palipokuwa patupu wiki nzima palikuwa na mstari mmoja wa penseli, umekandamizwa mpaka karatasi imetoboka:

"Mtu anayetaka kukikuta kitu pale alipokiacha."